Masundosundo sehemu ya haja kubwa: ukijitibu nyumbani, ujue na mahali pa kusimama

Maswali mengi ya kipindi chetu cha afya huingia tukiwa hewani. Lipo moja ambalo huja kipindi kikishaisha, usiku, bila jina, na mara nyingi mwenyewe huomba kwanza lisisomwe redioni. Ni la mtu aliyeota vinyama kwenye njia ya haja kubwa. Amepaka kitu, na sasa panaungua, panatoa damu, au hawezi kukaa.

Makala hii ni yake. Hatutaisoma hewani. Isome mwenyewe kwenye simu yako, kwa wakati wako.

Neno lenyewe ni hili: vinyama hivi vinatibika, na ziko dawa ambazo mgonjwa hujipaka mwenyewe nyumbani. Lakini dawa hizo zinaanza baada ya mtu mwenye ujuzi kuangalia, na zina mahali pa kusimama. Masundosundo yenyewe mara nyingi hayaumi. Kinachoumiza, mara nyingi, ni kile tulichoyapaka.

Masundosundo ni nini?

Ni vinyama vidogo vinavyoota kwenye ngozi ya sehemu za siri au kuzunguka tundu la haja kubwa. Wengine huviita sunzua au chunjua za sehemu za siri. Huanza vidogo kama punje ya mtama, kimoja au viwili, kisha vinaweza kuongezeka na kushikana hadi vikafanana na ua la koliflawa. Vinaweza kuwasha kidogo, kutoa unyevu, au kuacha damu kidogo ukijipangusa.

Vinaletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hiki kina aina zaidi ya 100. Aina mbili, namba 6 na namba 11, ndizo zinazosababisha karibu 9 kati ya kila masundosundo 10. Hizo si aina zinazoleta saratani kwa kawaida. Aina za hatari kwa saratani ni nyingine, hasa namba 16 na 18, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kirusi huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi, zaidi wakati wa kujamiiana. Kuanzia siku ya kuambukizwa hadi vinyama kuonekana huweza kupita wiki, miezi, hata miaka. Kwa hiyo kinyama kilichoonekana leo hakikuambii nani alikuletea wala lini.

Na hili liseme kwa majirani pia: kuwa na masundosundo sehemu ya haja kubwa si ushahidi kwamba mtu amefanya ngono kwa njia hiyo. Yapo yanayowapata watu hivyo, na yapo yanayowapata wanawake na wanaume ambao hawajawahi, kwa sababu ngozi ya sehemu za siri na ya nyuma zimepakana na kirusi huhama. Hofu ya kudhaniwa vibaya ndiyo inayomfanya mtu ajifungie chumbani na wembe. Usiiruhusu ikuumize.

Kabla ya kupaka chochote, aangalie mwenye ujuzi

Sababu ya kwanza ni kwamba si kila kinyama cha nyuma ni sundosundo. Bawasiri hutokeza uvimbe laini, mara nyingi baada ya kujikamua chooni. Kaswende nayo huleta vinyama bapa vyenye unyevu vinavyofanana sana na masundosundo, na hiyo hutibiwa kwa sindano ya penisilini, si kwa dawa ya kupaka. Ukipaka dawa ya masundosundo juu ya kaswende, utaunguza ngozi na ugonjwa utaendelea ndani ya damu. Kipo pia kidonda kigumu kisichopona, ambacho huweza kuwa saratani.

Sababu ya pili ni kwamba vinyama vinaweza kuwa na wenzao ndani, usipoweza kuona. Mhudumu huangalia kwa kifaa kidogo maalumu. Dawa za kujipaka nyumbani ni za nje tu. Hazitumiki ndani ya njia ya haja kubwa hata kidogo.

Sababu ya tatu ni vipimo. Mwenye masundosundo hushauriwa kupima VVU na kaswende siku hiyo hiyo. Kinga ya mwili ikiwa imeshuka, vinyama hukua haraka, huwa vingi, na hurudi mara kwa mara. Kutibu vinyama bila kujua hali yako ya VVU ni kufagia uani wakati mvua inanyesha.

Kwa wakazi wa huku kwetu, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Wilaya ya Meru hapa Tengeru. Kwa hali ngumu zaidi ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru pale Arusha mjini. Na ukishika barabara ya Moshi, pale KCMC kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992, ambacho hufundisha wahudumu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kutibu ngozi na magonjwa ya zinaa. Watu hawa kazi yao ni kuangalia sehemu ambazo wewe unaona haya kuzitaja. Hutakuwa wa kwanza kwao.

Ukifika mapokezi huna haja ya kueleza mbele ya foleni. Sema tu: “Nina tatizo la sehemu za siri, naomba kumwona daktari faragha.” Ukitaka mhudumu wa jinsia yako, omba. Ndani, sema wazi vinyama viko wapi na umeshapaka nini. Hilo la pili ndilo watu huficha, nalo ndilo daktari analihitaji zaidi.

Dawa za kujipaka, na ile isiyo ya kujipaka

Dawa mbili hutumika sana duniani kwa kujitibu nyumbani.

Ya kwanza ni podofilotoksini. Kwa kawaida hupakwa asubuhi na jioni kwa siku 3 mfululizo, kisha unapumzika siku 4. Hiyo ni wiki moja, ni mzunguko mmoja. Mizunguko kwa kawaida haizidi 4 au 5 bila kuonwa tena. Siku 4 za kupumzika si za kuruka. Ndizo zinazoipa ngozi nafasi ya kupona.

Ya pili ni imikwimodi, ambayo ni krimu. Hupakwa mara 3 kwa wiki wakati wa kulala, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na huoshwa kwa maji na sabuni laini baada ya saa 6 hadi 10. Inaweza kutumika hadi wiki 16. Yenyewe huiamsha kinga ya mwili ipigane na kirusi, kwa hiyo haifanyi kazi kwa haraka.

Sasa zingatia. Ipo dawa nyingine yenye jina linalokaribiana na la ile ya kwanza: podofilini. Ni ya majimaji, ya rangi ya kahawia, na ni kali zaidi. Hiyo hupakwa na mhudumu wa afya, kidogo, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na huoshwa baada ya saa 1 hadi 4. Si dawa ya kuchukua kichupa na kwenda nacho nyumbani. Ukipewa dukani, uliza jina mara mbili, na uonyeshe karatasi ya daktari.

Mjamzito, au mwenye wasiwasi kuwa ni mjamzito, asipake podofilini wala podofilotoksini. Zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Imikwimodi nayo asiitumie bila daktari. Vinyama hupenda kukua wakati wa mimba, na kliniki wana njia nyingine za kuviondoa.

Namna ya kupaka ili usijidhuru

Nawa mikono kabla na baada. Osha sehemu kwa maji, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini, bila kusugua. Tumia kioo kidogo uone unapopaka. Kama huoni wala hufikii, na huna mtu unayemwamini wa kukusaidia, basi dawa ya nyumbani haikufai. Rudi kituoni wakupake wao. Kupaka kwa kupapasa ndiyo njia ya kuunguza ngozi nzima.

Dawa iguse kinyama tu. Acha ikauke kabla ya kuvaa nguo. Usifunike kwa plasta wala nailoni. Usinyoe sehemu hiyo wakati wa matibabu, kwa sababu wembe huchana ngozi na kutawanya kirusi. Kujamiiana subiri, hasa dawa ikiwa bado kwenye ngozi. Krimu ya imikwimodi huweza kudhoofisha mpira wa kondomu. Na dawa iweke mbali na watoto.

Matatizo yanayotokea, na la kufanya

*Wekundu, kuwasha na kuungua kidogo.* Haya yanategemewa. Kwa podofilotoksini huonekana ndani ya siku chache, na kwa imikwimodi huweza kuchelewa. Ukiona wekundu mdogo, endelea na ratiba uliyopewa.

*Ngozi imechubuka au imekuwa kidonda.* Acha dawa. Osha kwa maji safi ya kawaida. Usipake tena mpaka ngozi ifunge, na umuulize aliyekuandikia kabla ya kuanza upya. Kusimama siku chache hakuharibu matibabu. Kupaka juu ya kidonda ndiko kunakoharibu, kwa sababu dawa hupenya na kuingia mwilini.

*Maumivu.* Kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi kwa dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, na kila baada ya haja kubwa. Beseni hilo liwe la kazi hiyo tu. Usiweke dawa ya kuua vijidudu, spiriti wala sabuni ya unga ndani yake. Maji matupu yanatosha. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti husaidia. Dereva wa bodaboda anayekaa juu ya kiti kutwa nzima, au mama anayebeba ndizi kwenda sokoni siku ya gulio, ajipe siku za kupumzika ikiwezekana, au aanze mzunguko wa dawa siku ambazo kazi ni ndogo. Vaa nguo ya ndani ya pamba, isiyobana.

*Kuogopa kwenda chooni.* Mtu akiumia hujizuia, choo kinakuwa kigumu, kinachana kidonda, na anaogopa zaidi. Kata mzunguko huo kwa chakula. Kunywa maji ya kutosha, kula papai, parachichi, mboga za majani, maharage. Vitu hivi Meru vipo uani. Jisafishe kwa maji, si kwa gazeti wala karatasi ngumu.

*Damu.* Matone machache ukijipangusa si ya kutisha. Ikitoka zaidi, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kila mara. Isipokoma, nenda hospitali.

*Usaha, harufu mbaya, uvimbe unaouma, au homa.* Hapo vijidudu vimeingia kwenye kidonda. Usifungue kapsuli ya antibiotiki ukanyunyiza unga wake juu. Tabia hii tunaijua, na haitibu. Unga hugandamana kwenye kidonda, na usaha hubaki chini yake. Nenda kituoni siku hiyo hiyo.

*Homa na uchovu bila usaha.* Krimu ya imikwimodi kwa baadhi ya watu huleta hali kama ya mafua: mwili kuuma, homa, uchovu. Acha kupaka, umwone daktari. Na kwa kuwa tunaishi kwenye eneo la malaria, pima, usikisie.

*Kutapika, tumbo kuuma sana, kuchanganyikiwa, ganzi ya mikono na miguu.* Hizi ni dalili za sumu ya podofilini au podofilotoksini iliyoingia mwilini, ama kwa kupaka eneo kubwa, ama kupaka juu ya vidonda, ama mtoto kuinywa. Osha ngozi kwa maji mengi, nenda hospitali mara moja, na uchukue kichupa cha dawa mkononi.

Vitu vya kutopaka kabisa

Maji ya betri. Magadi. Utomvu wa manyara tunayopanda kwenye uzio. Kitunguu saumu kilichosagwa na kufungwa usiku kucha. Dawa ya kuondoa sunzua za mikononi, ambayo ina asidi kwa ajili ya ngozi ngumu ya vidole. Wembe. Uzi wa kufunga kinyama hadi kianguke.

Huenda umesikia kwamba hospitali hutumia siki. Ni kweli, kwenye uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi mhudumu hutumia asidi ya siki iliyopunguzwa makali ili kuona mabadiliko. Hiyo ni ya kuonea, si ya kutibia. Asidi inayotibu masundosundo kliniki ni nyingine, ni kali, na hupakwa tone kwa tone na aliyefundishwa.

Hatari ya vitu hivi haiishii kwenye maumivu ya wiki moja. Ngozi ya njia ya haja kubwa ikiungua kwa kina hupona kwa kovu, na kovu hukaza. Njia inaweza kuwa nyembamba, mtu akabaki na shida ya choo kwa miaka, akahitaji upasuaji. Vinyama alivyotaka kuviondoa huenda vingeondolewa kwa dawa ya wiki chache.

Ikiwa umeshapaka kimojawapo, usijilaumu wala usingoje. Vua nguo iliyolowa, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usijaribu kukata makali kwa limao, maziwa au magadi. Kisha nenda hospitali, na useme ulichopaka.

Nenda hospitali leo ukiona haya

- Damu isiyokoma baada ya kubonyeza dakika 10
- Homa pamoja na usaha au uvimbe
- Kushindwa kupata haja kubwa au ndogo
- Maumivu yasiyotulia kwa parasetamoli na maji ya uvuguvugu
- Kutapika au kuchanganyikiwa baada ya kupaka dawa

Na panga kwenda ndani ya siku chache kama kinyama ni kigumu, kimekuwa kidonda kisichopona, kimebadilika rangi, kinakua haraka, au kama umemaliza dawa na hakuna mabadiliko. Hospitali wana njia nyingine: kugandisha vinyama kwa baridi kali, kuvichoma kwa umeme ukiwa umepigwa ganzi, au kuvikata kwa upasuaji mdogo.

Mtoto akiwa na vinyama hivi, usimtibu nyumbani, na usimpige akueleze. Vinaweza kutokana na kuzaliwa, vinaweza kutokana na mikono yenye sunzua ya anayemwogesha, na vinaweza kuwa dalili kwamba mtu amemfanyia ukatili. Mpeleke hospitali aangaliwe kwa utulivu. Ukihisi ukatili, namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Vikirudi, si kwamba umeshindwa

Dawa huondoa vinyama, haimalizi kirusi papo hapo. Kwa watu wengi hurudi, hasa katika miezi ya mwanzo baada ya matibabu. Hilo halimaanishi dawa ni feki wala kwamba umerogwa. Unarudi kituoni, unaanza tena. Kwa wengine wengi kinga ya mwili hukizima kirusi baada ya muda, na vinyama visionekane tena. Sigara hupunguza uwezo huo wa mwili. Kwa anayeishi na VVU, kumeza dawa zake kila siku ni sehemu ya tiba ya masundosundo.

Mwenza wako aambiwe, naye aangaliwe. Kondomu hupunguza maambukizi ingawa haifuniki ngozi yote. Mwanamke mwenye masundosundo aulize pia kuhusu uchunguzi wa mlango wa kizazi, maana aina za hatari za HPV husafiri njia hiyo hiyo.

Na kwa walio nyuma yetu kuna kinga. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lengo lake kuu ni kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Ikija shuleni kwa binti yako, usimfiche nyumbani.

Kwako uliyetuma ujumbe usiku ule: kama panaungua, osha kwa maji, acha kupaka, ulale. Asubuhi panda kifodi uende ukaangaliwe. Daktari atahitaji dakika chache, mlango ukiwa umefungwa.